Mtoto wa fom foo na maandishi ya kampasi: namna ya kumtayarisha kabla hajaripoti

Nafundisha Kiswahili na historia sekondari hapa Kisumu, na kila mwaka ikifika mwezi wa kumi hivi simu zinaanza, watoto tuliowapeleka Maseno, Egerton kule Njoro, Masinde Muliro Kakamega, wote wanasema kitu kimoja, mwalimu nimepewa tem pepa, yaani ile karatasi ya muhula, ya kurasa nane na sijui hata naanzia wapi. Na hawa sio wale wa kukaa nyuma ya darasa. Wengine walitoka na A ya lugha.

Shida sio bidii. Shida ni kwamba miaka minne tumewafundisha kuandikia mtu mmoja tu, yule anayesahihisha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na huyo mtu anatafuta kitu tofauti na kile lekchara anatafuta. Angalia tu esei ya vitabu teule kwa Kizungu pepa ya tatu, maksi 20: mara nyingi inagawanywa utangulizi 2, hoja nne kila moja 3, lugha 4, hitimisho 2, na mtoto akifika fom foo hiyo hesabu anaijua kuliko namba ya simu ya mamake. Historia nayo swali la maksi 15 unaambiwa taja tatu halafu eleza sita, kila maelezo maksi mbili, kwisha. Sisemi ni vibaya, karatasi zinasahihishwa na walimu wengi mno kwa siku chache na lazima kuwe na mizani moja ya kila mtu, lakini mazoea yake ni kwamba mtoto anaona kuandika ni kupanga hoja moja baada ya nyingine hadi zifike idadi, alafu anafunga na "hivyo basi ni wazi kwamba".

Kampasi hakuna wa kumhesabia hoja. Lekchara anasoma akiuliza maswali matatu tu: unadai nini, umejuaje, na kwa nini nikuamini wewe na sio yule aliyeandika kinyume chako. Ukitaka kumsaidia mtoto basi kazi yako yote ni kumzoesha hayo maswali matatu kabla hajakutana nayo kwenye karatasi yenye maki nyekundu.

Wakati uko mwingi kuliko watu wanavyofikiria. KCSE inaisha Novemba, matokeo yanatoka, KUCCPS, ile ofisi ya kupanga wanafunzi vyuoni, inawapanga, na vyuo vingi vinapokea mafresha kati ya Agosti na Septemba. Hiyo ni miezi mingi mtoto akiuza duka la shangazi, akifanya kozi ya kompyuta, akiendesha boda ya watu au akilala tu. Mtafutie siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, inatosha kabisa. Kama bado yuko fom thrii au fom foo ni sawa pia, ila usimtwange wakati wa mock, ule mtihani wa majaribio, utamchanganya, acha mtihani uwe mtihani.

Na usimpe insha ishirini. Mpe moja. Maneno 1,500 hivi, aiandike mara tatu ndani ya miezi miwili, na hiyo moja itamfundisha kuliko hizo ishirini manake shuleni ameshaandika nyingi sana na zote aliandika mara moja, akasahihishiwa, akaona 13 kwa 20, akaweka kwa begi. Hajawahi kurudia kazi yake hata siku moja. Kurudia ndio somo lenyewe.

Anza na swali, sio mada

Hapa ndipo nakaa sana kwa sababu ukikosea hapa kila kitu kingine kitaenda kombo. Mwambie mtoto achague jambo na atakuletea "Madhara ya gugumaji katika Ziwa Victoria", ule mmea unaoelea na kufunika maji. Hiyo ni mada ya mtihani. Ukiiangalia vizuri tayari ina orodha ndani yake: uvuvi, usafiri, mbu, utalii, namba zimetimia, nyumbani. Hakuna mtu anaweza kubishana na hiyo karatasi, na karatasi ambayo hakuna anayeweza kubishana nayo chuo kikuu wanaiona haijasema kitu.

Sasa mkalishe muigeuze iwe swali. Kwa nini gugumaji linarudi kila mara ghuba ya Winam, huu mkono wa ziwa upande wa Kisumu, hata mashine zikishalitoa? Ohoo, hapo kuna kazi. Ataanza kusoma kwamba mbegu zake zinaweza kukaa kwenye matope ya chini miaka mingi zikingoja, kwamba mmea unalishwa na naitrojeni na fosforasi inayoletwa na mito kama Nyando na Sondu kutoka mashambani na maji taka ya mji yanayopitia mto Kisat, kwamba upepo unalihamisha kutoka upande huu hadi ule kwa hivyo wakati mwingine tunashangilia limeisha kumbe limeenda kutembea Homa Bay. Sasa ni lipi kati ya hayo ndilo kubwa? Kama ni mbegu, mashine haitasaidia. Kama ni rutuba, basi shida haiko ziwani hata kidogo, iko kwa choo na mbolea. Hapo mtoto lazima achague upande na autetee. Amekuwa mwanafunzi wa chuo bila hata kupewa barua.

Walioko Nakuru wana swali lao liko mlangoni, kwa nini maji ya Ziwa Nakuru yamepanda tangu karibu 2010. Hilo nalipenda sana kufundishia manake wataalamu wenyewe hawasemi sauti moja, wengi wanataja mvua iliyozidi, wengine wanaongeza ukataji wa misitu ya Mau na udongo unaoshuka na mito, na wengine wanaangalia pia mwendo wa ardhi yenyewe ya Bonde la Ufa. Mtoto aliyezoea kitabu kimoja cha kiada akikutana na watu watatu wenye digrii wanaopingana anachanganyikiwa kwanza, anakuuliza, sasa mwalimu jibu ni lipi? Usimpe. Mwambie aandike nani anasema nini, ana ushahidi gani, na wapi wanakubaliana. Kakamega na Mumias muulize kwa nini wakulima waliacha miwa, na kila familia itakuwa na jibu lake.

Mimi nina namna ya kupima swali kama linafaa. Kama Google inaweza kulijibu kwa mstari mmoja, tupa. Kama watu wawili wenye akili timamu hawawezi kubishana juu yake, tupa. Na kama ushahidi wake uko mbali na mahali mtoto anaishi, yaani hawezi kupata hata ripoti moja au kuuliza hata mtu mmoja, weka kando kwa sasa, atalifanya akiwa na laibrari ya chuo.

Aya moja, mara tatu

Wacha nionyeshe kwa karibu. Nitaiweka kwa Kiswahili hapa ingawa kozi nyingi ataandika kwa Kizungu, mambo ni yale yale. Msichana mmoja alichagua swali "gugumaji linamuumiza nani zaidi ghuba ya Winam", na drafti ya kwanza aya moja ilikuwa hivi:

"Kwanza kabisa, gugumaji limeathiri uvuvi. Ni bayana kwamba wavuvi wengi hutegemea ziwa kujikimu. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimea hii hufunika ziwa lote na wavuvi hushindwa kupita. Hivyo basi gugumaji lina madhara chungu nzima."

Kwa insha ya KCSE hiyo inapita, ina methali, ina lugha. Lakini soma kama lekchara. Ziwa lote? Ziwa Victoria ni karibu kilomita mraba 68,800 na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, gugumaji linatusumbua sana kwa ghuba, sio hadi Mwanza kwote. Wavuvi wengi ni wangapi, wa wapi? Methali inafanya nini hapo, nani amemtegemea ndugu? Na sentensi ya mwisho inarudia tu ile ya kwanza ikiwa imevaa koti.

Nikamwambia aondoe kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona ziwa. Ilibaki karibu hakuna. Akarudi na hii: "Gugumaji halimfungii kila mvuvi njia kwa kiwango kimoja. Mwenye injini ana nguvu ya kulipasua, mwenye kasia hana, kwa hivyo maskini ndiye huumia zaidi." Sasa hilo ni dai! Nilifurahi. Nikamuuliza, umejuaje? Akasema, nimefikiria tu mwalimu.

Kufikiria ni kuzuri lakini haitoshi, na mjomba wake ni mvuvi pale Dunga, kwa nini asiulize? Akaenda. Mjomba akamcheka. Akamwambia, mwanangu, injini ndio inaumia kwanza, propela inajifunga mizizi inazima uko katikati, wa kasia atahangaika lakini atasukuma na mti polepole atatoka. Yaani dai lake lilikuwa limepinduka juu chini. Alikuja na uso umekunjamana akidhani kazi imeharibika, kumbe hapo ndipo imeanza. Aya ya tatu ikawa:

"Nilidhani mwenye kasia ndiye huumia zaidi kwa sababu hana nguvu ya injini. Wavuvi wawili niliowauliza ufuo wa Dunga walieleza kinyume: mizizi hujizungusha kwenye propela na kuizima, na mwenye chombo hupoteza mafuta, muda na wakati mwingine injini yenyewe. Wavuvi wawili hawatoshi kusema hivyo ndivyo ilivyo ghuba nzima, lakini wanaonyesha kwamba hasara haifuati tu umaskini. Inafuata pia aina ya chombo."

Angalia ile sentensi ya "wavuvi wawili hawatoshi". Kwa KCSE ungeonekana huna uhakika na unapoteza maksi. Chuoni hiyo ndiyo inafanya lekchara aanze kukuamini, manake umejua mwisho wa ushahidi wako uko wapi. Mfundishe mtoto maneno ya kupima, "huenda", "inaelekea", "kwa kiasi", "katika sehemu hizi", atumie pale anapohitaji na sio kila mahali kama chumvi.

Kusoma huku kalamu iko mkononi

Watoto wetu wanasoma kukariri. Ukimpa makala ya kurasa kumi anachora mistari ya rangi kila mahali hadi karatasi yote ni njano. Mpe zoezi hili: asome kurasa mbili, afunge, aandike kwa maneno yake sentensi tatu za kile mwandishi anadai, alafu afungue aangalie kama alimsingizia. Na pembeni aandike namba ya ukurasa. Hiyo namba ya ukurasa anaona ni usumbufu hadi ile siku ya mwisho saa sita usiku anatafuta aliitoa wapi ile sentensi.

Pa kusoma papo. Laibrari za umma ziko Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret, na ni mahali tulivu kuliko nyumbani kwenye redio na watoto. Kwa simu, Google Scholar inatoa makala za utafiti na nyingi zina PDF ya bure pembeni, KNBS, shirika la takwimu la taifa, wanaweka ripoti za sensa na uchumi kwa tovuti yao, na sheria pamoja na hukumu za korti ziko kwa Kenya Law bila malipo. Wikipedia aisome kupata ramani ya jambo, kisha ashuke chini kabisa kwa marejeo yake afuate hizo. Blogu isiyo na jina la mwandishi wala tarehe aiache, hata kama imeandikwa vizuri aje.

Kuhusu kutaja vyanzo, watu wanaogopa sana hii kitu bure. Haina siri. Kila mara ukitumia kitu cha mtu msomaji anataka kujua nani, lini, kinaitwaje, na kinapatikana wapi. Ukiandika kwamba sensa ilihesabu Wakenya milioni 47.6, unamalizia (KNBS, 2019), na kule mwisho kwa orodha unaweka jina kamili la ripoti. Huo ni mtindo wa APA ambao utaukuta idara nyingi, toleo la saba ndilo wanalotumia sasa. Fasihi wanapenda MLA, sheria wana OSCOLA, uhandisi IEEE, historia wengine Chicago. Asikariri yote, wiki ya kwanza aulize idara yake inatumia upi, basi.

Kikubwa kuliko koma na mabano ni hili la kukopi. Hakuna mtoto anadhani yeye ni mwizi. Kitabu kikisema "Rutuba inayotoka mashambani na maji taka ya mji huchochea ukuaji wa gugumaji", yeye anaandika "Virutubisho kutoka mashambani na majitaka ya jiji husababisha kukua kwa gugumaji" na anaona amejitahidi. Hapana. Amebadilisha nguo tu, mwili ni wa mwenyewe, na programu kama Turnitin ambazo vyuo vingi vinatumia zinaweza kumshika. Namna ya kutoka hapo ni ile niliyosema, funga kitabu. Ukiweza kulisema bila kuliangalia limekuwa lako, bado utataja ulikolitoa lakini maneno ni yako. Kama maneno ya mwandishi ni matamu sana huwezi kuyaacha, yaweke ndani ya alama za kunukuu na ukurasa.

Drafti

Drafti ya kwanza usisahihishe spelingi. Najua mkono unawasha, mimi pia kalamu nyekundu inaniita, lakini ukimjazia karatasi makosa hamsini atarekebisha hayo hamsini na hoja itabaki ilivyokuwa mbovu. Mwandikie mambo mawili tu. Mara nyingi la kwanza huwa "dai lako liko wapi, sijaliona hadi ukurasa wa tatu" na la pili "umejuaje". Drafti ya pili angalieni mpangilio, kila aya andika pembeni kwa maneno matano inafanya kazi gani, kama aya mbili zina kazi moja moja iondoke, kama aya haina kazi, pole yake. Ya tatu sasa ndio lugha, nukta, majina, marejeo.

Na mzazi usiseme mimi sikusoma kwa hivyo siwezi kusaidia. Unaweza, tena kuliko mwalimu. Mwambie akueleze hiyo karatasi yake kwa Kijaluo au Kiluhya au lugha yoyote mnayoongea hapo nyumbani, bila kusoma, dakika tano. Kama nyanya amekaa hapo akaelewa na akauliza swali, hiyo karatasi iko sawa. Kama mtoto anaanza kukwama na kusema "unajua hii ni ngumu kueleza", basi yeye mwenyewe hajaelewa anachodai na Kizungu kilikuwa kinamfichia. Msichana wa gugumaji nyanyake alimuuliza, sasa sisi wenye kuuza omena, dagaa wa ziwa, tuko wapi kwa hiyo hadithi yako? Akaongeza aya nzima, na ndiyo iliyokuwa bora.

Tukifika kwa lugha, kuna vitu lazima viachwe kwa geti ya sekondari. "Tangu enzi za mababu zetu", "katika ulimwengu wa leo", jua lililochomoza kwa madaha, methali tatu za kufungulia. Sisi walimu ndio tuliwapa hizo kwa hivyo tusiwacheke. Utangulizi wa chuo unaingia moja kwa moja: swali ni hili, watu wamesema hivi, mimi naonyesha hivi. Mwanafunzi atauliza, si utakuwa mfupi? Ndio, uwe mfupi. Na ile tabia ya kutafuta neno kubwa kwenye kamusi ili karatasi ionekane imesoma, muondolee mapema, kama hawezi kulitumia neno akiongea na rafiki yake asiliandike.

ChatGPT na marafiki zake

Tangu mwisho wa 2022 hakuna anayeweza kufundisha kuandika akajifanya hii programu ya AI inayoandika yenyewe haipo. Msimamo wangu ni kwamba mtoto asiitumie kabisa kuandika hii karatasi moja ya mazoezi, kwa sababu lengo sio karatasi, lengo ni yeye. Akishaandika drafti yake mwenyewe anaweza kuiambia imuulize maswali magumu kama lekchara mkali, hiyo sioni ubaya. Lakini asiitegemee kwa marejeo, inaweza kukutengenezea kitabu ambacho hakipo, na mwandishi, na mwaka, vyote vimekaa vizuri, unaenda laibrari unatafuta hadi jioni. Akifika chuoni asome sheria ya chuo chake juu ya AI kabla ya kufuata ushauri wa makomredi wa hosteli.

Na kuna ile biashara tunaijua wote, vijana wetu wanaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza esei kwa pesa, tena wengine ni hodari haswa. Mtoto akianza kuona kwamba tem pepa ni bidhaa ya kununua na kuuza hutaweza kumwambia tena ni kazi ya kichwa chake. Ongea naye mapema, kwa utaratibu, bila kumtisha na polisi.

Mtihani wa chuo na yale maneno ya amri

Hapa nitapita haraka. Vyuo vingi CAT, yaani mitihani midogo ya ndani ya muhula, na asaimenti ni maksi 30, mtihani 70, na karatasi mara nyingi inasema jibu swali la kwanza na mengine mawili, 30 kisha 20 na 20 kwa saa mbili. Kitu kinachowaangusha ni kitenzi. "Eleza" wanaijua. Wakiona "jadili" wanaeleza, wakiona "tathmini" wanaeleza, "linganisha" wanaeleza hiki alafu wanaeleza kile. Chukua maswali ya zamani ya KCSE historia uyabadilishe kitenzi tu. "Eleza sababu sita za kujengwa kwa reli ya Uganda" inakuwa "Tathmini dai kwamba reli iliyofika Kisumu 1901 ilijengwa kwa sababu za kijeshi kuliko za biashara". Maarifa ni yale yale aliyokariri, ila sasa lazima ayapime, hii sababu ilikuwa na uzito gani mbele ya ile. Mfanyie hivyo mara chache kwa mdomo tu mkipika, haihitaji karatasi.

Anayeenda kusomea uhandisi au uuguzi atakwambia hayo yote hayamhusu. Yanamhusu. Kuna ripoti za maabara, kuna ripoti ya atachment, yale mafunzo ya kazini, kuna projekti ya mwaka wa mwisho, na kuna yuniti ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza ambayo karibu kila mtu anapitia.

Mambo madogo yanayoumiza

Aandike kwa kompyuta, sio mkono, hata kama ni saiba kwa saa moja au Google Docs kwa simu. Nimeona watoto wenye akili wanachelewesha kazi si kwa sababu hawajui bali kwa sababu wanachapa kwa kidole kimoja usiku wa kuamkia dedilaini. Herufi saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, jina na namba ya usajili juu. Faili asiiite "final final 2 mpya", aiite jina lake, kodi ya yuniti na tarehe. Na aweke nakala kwa email yake kila akimaliza kuandika, flashi ya mkopo sio mahali pa kuhifadhi semesta.

La mwisho ni email kwa lekchara. Wanaandika kama WhatsApp, "sasa lec, niaje kuhusu ile CAT". Mkae muandike moja ya mfano: Mpendwa Dkt. Fulani, jina langu ni hili, namba ya usajili ni hii, niko kwenye yuniti yako ya Jumanne asubuhi. Naomba kuuliza kama tem pepa inaweza kutumia mahojiano niliyofanya mwenyewe pamoja na vitabu. Asante. Mistari minne, swali moja, na kichwa cha email kinachotaja yuniti. Aitume saa za kazi, asubiri siku mbili tatu kabla ya kukumbusha, na akijibiwa aseme asante amepata.